Uchaguzi wa rais darasani: punguzeni kelele, ongezeni kuhesabu

Walimu wa somo la uraia hapa Lubumbashi, Kongo (DRC), wanapoandaa uchaguzi wa rais wa kuigiza, muda karibu wote huliwa na kampeni, kura zenyewe zikabanwa kwenye dakika za mwisho kabla ya kengele. Sisi wa elimu ya uraia tunashauri mpange kinyume. Nyimbo na fulana watoto wanavijua tangu wadogo. Wasichokijua ni yanayotokea katika ofisi ya kura baada ya saa ya kupiga kura kwisha.

Hotuba ziwepo, ila kila ahadi ijibu maswali mawili: je, hiyo ni kazi ya rais, na pesa itatoka wapi? Mgombea akiahidi lami katika mtaa wote wa Katuba, ataulizwa, naye atajibu haraka: "Migodi!" Hapo mpeni Sheria ya Madini ilivyorekebishwa 2018. Mrabaha, yaani ada inayolipwa na makampuni ya migodi, unagawanywa: 50% serikali kuu, 25% jimbo, 15% serikali ya mahali penye mgodi, 10% mfuko wa vizazi vijavyo. Aanze hesabu upya, na darasa zima limsikilize. (Katiba inamtaka mgombea awe na angalau miaka 30, hilo tunawasamehe.)

Jambo moja halina mjadala: anayetaja kabila la mpinzani wake anaondolewa papo hapo. Katanga ilishuhudia Wakasai, watu wenye asili ya Kasai, wakifukuzwa 1992 na 1993, na wazee wengi mjini bado wanakumbuka.

Pigeni kura mara mbili, kwa sheria mbili. Mwaka 2006 nchi ilipiga duru mbili, kwa sababu hakuna aliyevuka nusu ya kura katika duru ya kwanza. Tangu Katiba ibadilishwe 2011, duru ni moja na anayeongoza ndiye mshindi. Mwaka 2018 mshindi alitangazwa kwa 38.57%. Chukueni darasa la wapiga kura 48: wagombea wanne wakipata 17, 14, 11 na 6, mwenye 17 ni rais, ingawa 31 walimtaka mwingine. Halafu pigeni kura tena kati ya wawili walioongoza peke yao. Mara nyingine wa pili anashinda, na hapo ndipo wanafunzi wanaanza kubishana kwa hoja.

Sasa kuhesabu. Chagueni mwenyekiti wa ofisi, katibu, na shahidi mmoja kwa kila mgombea. Kabla ya kusoma jina lolote, hesabuni karatasi zilizo sandukuni na kuzilinganisha na orodha ya waliosaini. Zikizidi hata moja, simameni na mtafute sababu. Mwenyekiti ainue kila karatasi mashahidi wote waione. Itatokea moja yenye dole katikati ya picha mbili, na kila shahidi ataidai ni ya mtu wake. Kanuni ya kura iliyoharibika iwe imeandikwa mapema. Ikitungwa wakati huo, itampendelea mtu.

Katibu anajaza PV, yaani ripoti rasmi ya matokeo, mashahidi wanasaini, hata wa aliyeshindwa, kila mmoja anapewa nakala, na nyingine inabandikwa mlangoni, kama sheria inavyotaka katika uchaguzi halisi. Shahidi asiyekubali aandike sababu zake. Darasa jirani liwe Mahakama ya Katiba, lisome malalamiko pamoja na PV, na bahasha ya karatasi za kura isifunguliwe ovyo hadi litoe uamuzi.