Ukikwama kwenye gemu: yanayosemwa bandani na yaliyo kweli

Wiki iliyopita jioni, dogo mmoja wa darasa la sita aliniita pale kwenye banda langu la gemu, Ngamiani, Tanga, machozi yanamlengalenga. "Shikamoo kaka. Kaka, pedi yako mbovu." Mlango wa chuma ndani ya gemu ulikuwa umemgomea dakika arobaini. Nikasogea nikatazama skrini. Chini ya alama ya pembetatu paliandikwa neno moja tu: Hold. Yeye alikuwa anakipiga kitufe cha pembetatu kwenye pedi, kile kidude cha kuchezea cha mkononi, mbiombio kama mtu anayetwanga kisamvu, kidole gumba kimeshakuwa chekundu. Nikamwambia: "Usipige. Kandamiza, shikilia, usiachie." Mlango ukapanda wenyewe. Nilimrudishia muda wake wote, kwa sababu hela aliyolipa ilikuwa imeishia kwenye neno la Kiingereza ambalo hakuna aliyemfundisha.

Nimeona watu wa kila umri wakikwama, na siku hizi huwa najiuliza kwanza amekwama vipi kabla ya kufungua mdomo. Kuna asiyejua aende wapi. Kuna anayejua lakini mkono wake bado haujafika. Kuna ambaye hakuelewa maandishi, kama huyo dogo. Na kuna ambaye gemu yenyewe imeharibika. Msaada wa mmoja haumfai mwingine, na mengi yanayosemwa bandani kuhusu kusaidiwa yanakosea kwa sababu yanawachanganya wote hawa kwenye kapu moja.

"Kuuliza ni kudesa"

Hii, kwamba anayeuliza anaiba majibu, ndiyo inayoniumiza zaidi. Mtoto anakaa siku tatu mahali pamoja kwa kuogopa kuchekwa, ya nne haji tena, anaona gemu si za watu kama yeye. Anayemcheka naye alifundishwa na kaka yake, ila amesahau.

Nenda barazani jioni, wanapokunywa kahawa na kashata, ukaangalie bao. Mashimo 32, kete 64, wachezaji wawili, na watazamaji ambao hawanyamazi hata kidogo. Mzee akizubaa kwenye namua, hatua ya mwanzo ya kuingiza kete, anaambiwa papo hapo kwamba nyumba yake, shimo lake kuu, inaliwa. Akikosea mtaji, yaani zamu ya kula kete, kuna atakayemwonyesha angeanzia shimo gani. Hakuna anayesema mzee amedesa. Bao limekaa miaka yote hiyo kwa sababu watu wanafundishana wakiwa wamekaa mkeka mmoja.

Hata waliotengeneza gemu waliliona hilo mapema. Miaka ya 1980 kampuni ya Nintendo iliweka watu maalumu Redmond, katika jimbo la Washington nchini Marekani, kazi yao kupokea simu za wachezaji waliokwama. Mtu anapiga, anaeleza yuko pango gani, ana silaha gani, anaelekezwa. Mwaka 1988 kampuni hiyo hiyo ikaanza kutoa gazeti la Nintendo Power, lililojaa ramani na mbinu, likadumu hadi 2012. Mwaka 2009, katika New Super Mario Bros. Wii, walikwenda mbali zaidi: ukifa mara nane kwenye hatua moja linatokea boksi la kijani, ukiligonga Luigi, ndugu yake Mario, anaicheza hatua hiyo mwenyewe huku unamtazama, na unaweza kumpokea njiani ukaendelea. Kama mwenye gemu ameweka mlango wa msaada ndani ya nyumba yake, sisi wa bandani tunapata wapi haki ya kumwaibisha anayeugonga?

"Jibu lazima liwe ndani ya gemu, tafuta tu"

Mara nyingi ni kweli. Lakini kuna gemu moja ya PlayStation ya kwanza iliyotutesa sana sisi wa rika langu, nayo ni Metal Gear Solid ya mwaka 1998. Unafika mahali unaambiwa umtafute Meryl, mwenzako ndani ya gemu, kwenye redio, na namba yake ya masafa iko nyuma ya kasha la CD. Tulipindua kila kitu kilichomo ndani ya gemu tukitafuta hiyo CD. Kumbe walimaanisha kasha halisi, la plastiki, ulilonunulia gemu dukani. Nyuma yake kuna picha ndogo inayoonyesha 140.15.

Sasa sisi CD zetu zilikuwa za kuchoma, zinakuja kwenye mfuko wa nailoni, jina limeandikwa kwa kalamu ya wino mzito. Kasha tulitoe wapi? Kijana mmoja alikaa akizungusha namba moja moja mpaka Meryl akaitika, akaiandika ukutani kwa chaki. Chaki ile iliokoa mtaa mzima. Huyo hakudesa, alituandikia ukurasa ambao sisi hatukuuziwa.

Gemu hiyo hiyo ina Psycho Mantis, bosi, yaani adui mkubwa wa kupigana naye, anayejua unachotaka kufanya kabla hujafanya. Dawa yake inajulikana duniani kote: chomoa pedi kwenye tundu la kwanza, chomeka la pili, hawezi tena kukusoma. Lakini banda letu la wakati ule tundu la pili lilikuwa limekufa, upepo wa bahari na chumvi yake ulishalimaliza. Kila aliyefika kwa Mantis aliishia hapo. Miaka mingi baadaye ndipo nilipojua kwamba watengenezaji walimfikiria hata mtu wa namna yetu. Ukishindwa kwa kurudiarudia, ukampigia mkuu wako redioni, anakuelekeza uzivunje sanamu zilizomo chumbani, na Mantis anaanza kupigika. Redio tulikuwa nayo muda wote, hatukuipiga. Tangu hapo mtu akiniambia amekwama, swali langu la kwanza ni kama amewasikiliza wenzake waliomo ndani ya gemu, au kila wakizungumza anabonyeza kitufe cha iksi ili waondoke.

"Chiti zinaua gemu" na "chiti zinamaliza kila kitu"

Hizi dhana mbili zinapingana na zote hazijakaa sawa.

Chiti, yaani mipangilio ya siri ya vitufe inayokupa upendeleo ndani ya gemu, zilianza kama chombo cha fundi. Kazuhisa Hashimoto wa Konami, alipokuwa akiihamishia Gradius kwenye mashine ya nyumbani ya Nintendo mwaka 1986, aliiona ngumu mno kuijaribu mpaka mwisho. Akajiwekea njia ya mkato: juu, juu, chini, chini, kushoto, kulia, kushoto, kulia, B, A. Ikabaki humo gemu ilipotoka. Baadaye kwenye Contra mpangilio huo huo ukawapa wachezaji roho 30 badala ya 3, na ndipo ulipojulikana kila kona. Kwa hiyo kuna watu walioiona nusu ya pili ya gemu kwa sababu tu fundi alisahau ngazi yake ukutani. Sioni ubaya.

Ila chiti si zote za salama. Kwenye GTA San Andreas ya PS2 watoto wa hapa wanaijua ya afya na hela kwa kichwa kama jedwali la kuzidisha: R1, R2, L1, iksi, kisha kushoto, chini, kulia, juu, mara mbili. Hiyo haina shida. Shida ni zile za kuwafanya watu wa mtaani waanze ghasia. Ukizisevu zimeingia moja kwa moja, hazitoki. Mbele huko kuna misheni ya kumwokoa Madd Dogg, msanii wa rap, aliyesimama juu ya paa, na kwa chiti hizo anaweza kujirusha kabla hujaweka gari sawa. Nimemwona mtu mzima akianza gemu upya kwa sababu hiyo. Ukitaka kufanya fujo fanya, lakini usisevu juu ya faili lako la kweli. Memori kadi ya PS2 ina megabaiti 8, na nafasi ya faili moja la akiba haikosekani.

Kuhusu GTA V naomba nisikike vizuri, kwa sababu hapa watu wanaibiwa. Chiti ya hela kwenye GTA V haipo. Kwenye hadithi yake haipo, na mtandaoni ndiyo kabisa. Chiti zipo za afya, silaha, magari, hali ya hewa, na ukizitumia hupati nyara, zile tuzo za mchezaji, mpaka uifungue gemu upya. Hela hapana. Anayekutumia kiungo cha kujaza jina na nywila ili uingiziwe mamilioni anataka akaunti yako. Mteja wangu mmoja aliipoteza hivyo, pamoja na gemu zote alizokuwa amenunua kwa jasho lake la bodaboda.

"Leveli rahisi ni ya watoto"

Wanaosema hivi wengi wao tayari wanasaidiwa na hawajui. Resident Evil 4 ya mwaka 2005 inakutazama: ukifa sana inapunguza ukali kimyakimya, ukifanya vizuri inaongeza. Crash Bandicoot nayo ukifia mahali pamoja mara nyingi inakupa kinyago cha kukukinga. Na Celeste ya 2018 imeweka wazi kabisa sehemu ya kupunguza kasi ya gemu au kujizuia usife, kwa mtu ambaye mikono yake haifuati macho yake. Nina mteja mwenye mkono mmoja dhaifu tangu utotoni. Asiniambie mtu kwamba huyo hajamaliza gemu.

"CD ina mikwaruzo ndiyo maana sipiti"

Kama picha inaganda au sauti inakatika, ndiyo, huenda ni CD. Chukua kitambaa laini, futa kutoka katikati kwenda ukingoni kwa mstari ulionyooka, usizungushe. Kama picha ni safi na bosi anakupiga tu, CD haina kosa.

"Bila bando la video huwezi kusaidika"

Vijana wengi wakikwama wanakimbilia video ya saa mbili, bando linaisha kabla hawajafika sehemu wanayoitaka. Miongozo ya maandishi ipo tangu zamani. Hazina ya GameFAQs ilianza mwaka 1995, na mingi ya miongozo yake ni maandishi matupu ambayo hayali hata megabaiti moja. Gemu za PS1 na PS2 tunazocheza hapa karibu zote zimo. Unachohitaji ni jina la misheni au la chumba kama lilivyoandikwa kwenye skrini, herufi kwa herufi. Ukitafuta "nimekwama San Andreas" utapata dunia nzima, ukitafuta jina la misheni utapata mistari kumi unayoitaka. Hata ukilazimika kutazama video, tafuta ya misheni hiyo peke yake, na ishushe ubora.

Wenye PS5 wana msaada ndani ya mashine yenyewe tangu ilipotoka Novemba 2020, unaonyeshwa dokezo la pale pale ulipokwama. Lakini unataka usajili wa PlayStation Plus na haupo kwenye kila gemu, kwa hiyo mtu asinunue mashine kwa sababu hiyo.

Jambo jingine la kuuliza kabla ya kutafuta mwongozo: je, hapa ulipokwama ni lazima upite? Misheni za mhusika Zero kwenye San Andreas, zile za vindege vya kuchezea, zimewatoa watu jasho miaka yote hii, na hadithi ya gemu inaisha vizuri bila hizo. Hilo peke yake limewahi kumrudishia mtu usingizi.

"Msaada ni kumpa mwenye uwezo pedi akupitishie"

Hapa ninakosana na wateja wangu wakubwa. Mtoto anakwama, bingwa ananyang'anya pedi, anapita, anairudisha huku anacheka. Dakika tano mbele mtoto amekwama tena, kwa sababu alichokosa hakupewa.

Juzi alikuwa mwingine kwenye ile misheni ya treni ya San Andreas, CJ, yule unayemchezesha, anaendesha pikipiki, rafiki yake Big Smoke yuko nyuma na bunduki. Alikuwa ameshindwa mara tisa. Gemu yenyewe inachangia kumpoteza mtu, maana ukishindwa Big Smoke anamlaumu CJ kwamba kazi yake ilikuwa kuifuata treni tu. Basi mtoto anaifuata, anaganda nayo kabisa, na kwa karibu hivyo Big Smoke hawezi kuwalenga walio juu ya mabehewa. Bingwa mmoja alishanyoosha mkono kuchukua pedi. Nikamwomba akae.

Nikachuchumaa pembeni ya dogo. "Mdogo wangu, ukisimama chini ya mnazi kabisa, nazi unaziona?"

Akafikiri. "Sizioni."

"Na Big Smoke je?"

Akairudia. Safari hii alikwenda sambamba na treni, upande wa kulia, akaacha nafasi. Alianguka kwenye kona. Akarudia tena, midomo imekaza, na risasi zikaanza kuwapata. Wa mwisho alipodondoka, dogo hakupiga kelele. Aliiweka pedi mezani taratibu, akatoka mbio mpaka nyumba ya tatu, akarudi amemshika mkono rafiki yake, na wakati wanaingia tayari alikuwa anamweleza habari ya mnazi.