Je, wajua kwa nini bondi ya milioni mbili hailipwi?

Binamu yangu aliposhtakiwa kwa kumshambulia jirani, hakimu alisema dhamana iko wazi: wadhamini wawili wa kuaminika, kila mmoja asaini bondi ya shilingi milioni mbili. Nilikuwa nimekaa benchi la pili. Masikio yangu yalisikia "leteni milioni nne". Tukarudi nyumbani Mwanga, hapa Kigoma mjini, tukazungusha daftari kwa ndugu. Shangazi akauza madumu matatu ya mawese aliyokuwa anasubiri yapande bei. Siku ya tatu tukamfuata karani na laki tisa kwenye mfuko, tukiomba tupunguziwe. Hakuzigusa. Aliuliza tu, "Wadhamini wenu wako wapi?"

Siku tatu za rumande, kwa kitu ambacho hakikudai hata shilingi moja.

Tangu hapo nasikiliza watu wanavyosema: "wamemlipia dhamana", "katolewa kwa laki mbili", "ametoka, kesi imeisha". Kauli hizi zote zina kosa moja ndani yake, kwamba dhamana ni ada au faini. Siyo. Bondi ni ahadi iliyowekewa bei, na bei hiyo hulala mpaka ahadi ivunjwe.

Chukua mfano wa mwaloni Kibirizi. Kijana anataka kuazima taa za kuvulia dagaa kwa tajiri asiyemjua. Mzee mmoja anayejulikana anasimama: "Mpe. Asiporudi nazo, nidai mimi." Mzee hajatoa hela. Wala tajiri hatamdai asubuhi kijana akirudi na taa. Lakini kijana akivuka na taa moja kwa moja mpaka Kongo, deni linaamka, na linagonga mlango wa mzee.

Mahakamani kinachoazimwa ni uhuru wa mshtakiwa, na kurudisha ni kufika kila tarehe ya kesi. Kwa kawaida kesi ambayo haijaanza kusikilizwa hutajwa kila baada ya wiki chache, kwa hiyo "taa" hukaguliwa mara kwa mara. Akiruka dhamana, hati ya kumkamata inatolewa, na mdhamini anaitwa aeleze kwa nini asilipe kiasi alichosaini. Hapo ndipo milioni mbili inakuwa hela ya kweli. Jambo ambalo wengi hawalijui: mdhamini akianza kuona mtu wake anayumba, anaweza kurudi mahakamani akaomba kujitoa, na mshtakiwa atatakiwa kutafuta mwingine. Mzee anaruhusiwa kwenda kwa tajiri na kusema, "Huyu simsimamii tena."

Dhamana ya polisi nayo haina malipo. Chochote unachotoa pale bila risiti kina jina lingine.

Ziko kesi ambazo hela au mali hutangulia kweli. Shtaka likihusu mali ya thamani kubwa, sheria hutaka fedha taslimu au mali inayolingana na nusu ya thamani hiyo, nusu nyingine ndiyo ibaki bondi. Na yako makosa yasiyo na dhamana kabisa, yakiwemo mauaji, uhaini, unyang'anyi wa kutumia silaha na utakatishaji fedha. Mei 2020 Mahakama Kuu ilisema katazo hilo linapingana na Katiba. Agosti mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikalirejesha. Lakini 2018 Mahakama hiyohiyo ya Rufani ilikubali kwamba Mkurugenzi wa Mashtaka hawezi kumzuilia mtu dhamana kwa hati yake tu. Mwaka 2022 ikaongezwa kanuni kwamba upelelezi ukamilike kwanza ndipo mtu ashtakiwe, isipokuwa kwa makosa makubwa.

Nayaunga mkono mabadiliko hayo, hasa la mwisho. Ila kwa macho yangu, hapa kwetu pengo kubwa liko kwenye masharti madogo. Masharti hutegemea hakimu na kesi, lakini mara nyingi mdhamini huulizwa kitambulisho, barua ya mtendaji na makazi ya kudumu. Mvuvi anayehama kambi kufuata dagaa, makazi yake ya kudumu ni yapi? Mama aliyeletwa mjini kutoka kijiji cha Uvinza atamwomba nani amsainie? Katiba, ibara ya 13, inakataza mtu kutendewa kama mkosaji kabla hatia haijathibitishwa. Anayekosa mtu wa kumsainia hulala chumba kimoja na aliyenyimwa dhamana na sheria.

Waliomtoa binamu yangu ni mwalimu mstaafu na fundi cherehani wa mtaani kwetu, kila mmoja na nakala ya kitambulisho na barua ya mtendaji. Walisaini, wakaambiwa tarehe ya kurudi, na kabla ya adhuhuri binamu alikuwa amesimama nasi nje chini ya mwembe. Laki tisa zilikuwa bado kwenye mfuko, shangazi ameushika kwa mikono miwili.