Floridi haiishi kwa kuchemsha: yanayoaminiwa kuhusu maji ya Arusha

"Maji ya chemchemi ya mlimani hayana neno."
Chemchemi nyingi za kuzunguka Mlima Meru zina maji maangavu na ya baridi, na ni rahisi kuyaamini. Lakini yamepita kwenye miamba ya volkano yenye floridi (madini ambayo yakizidi huharibu meno na mifupa) na kuiyeyusha njiani. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania kwa miaka mingi iliruhusu hadi 4 kabla ya kushuka hadi 1.5. Vyanzo kadhaa vya Arusha na Kilimanjaro hupita kikomo hicho mara nyingi. Macho na ulimi havitakuambia, maabara itakuambia.

"Nayachemsha, kwa hiyo ni salama."
Kuchemsha huua vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo, na usiache. Ila floridi haifi wala haipai na mvuke. Weka sufuria ya lita 4 zenye miligramu 6 kwa lita, zichemke mpaka zibaki lita 3: sasa una miligramu 8 kwa lita. Klorini nayo haigusi floridi, wala chujio la mchanga.

"Meno ya kahawia ni uvivu wa kupiga mswaki."
Hili linaniumiza, kwa sababu watoto wanachekwa shuleni kwa kosa lisilo lao. Madoa hayo hujengeka jino likiwa bado ndani ya ufizi, miaka ya kwanza ya maisha. Mswaki hauyafikii. Floridi ikizidi sana kwa miaka mingi huingia mifupani: viungo huuma, mgongo hukakamaa, na watoto wengine hupata matege.

Na si maji peke yake. Magadi yanayotiwa kwenye maharage na makande ili yaive haraka yanaweza kuwa na floridi nyingi. Kuloweka maharage usiku kucha, bila magadi, kunatosha.

"Maji yaliyopita kwenye mifupa ni uchafu."
Ukishaona mkaa wa mifupa, unaotumika kuchuja floridi, unavyotengenezwa, hofu hii inapungua. Ngurdoto, mkoani Arusha, kuna kituo cha Wizara ya Maji cha utafiti wa kuondoa floridi, na mkaa huu ni kazi yake ya miaka mingi. Mifupa ya ng'ombe, ambayo machinjioni ni taka, huchomwa kwenye tanuru lenye hewa kidogo, kwenye nyuzi 400 hadi 600 hivi. Hapo rangi ndiyo inayosema. Ukitoka wa kahawia haujaiva, na maji yake yatanuka. Ukitoka mweupe umeungua kupita kiasi, na uwezo wake wa kunasa floridi umeshuka. Unaotakiwa ni mweusi. Hupondwa, huchekechwa, huoshwa, kisha hujazwa kwenye chujio. Madini ya kalsiamu na fosfeti yaliyobaki ndiyo yanayoishika floridi maji yakipita taratibu. Mwenye shaka ya kidini ana haki ya kuuliza ni mifupa ya mnyama gani.

Njia nyingine ya kuondoa floridi ni ya Nalgonda, iliyotoka India, nayo hutumia shabu na chokaa. Inafanya kazi, lakini dawa lazima ipimwe kila siku na tope litupwe vizuri. Kwa familia yenye shughuli zake naona mkaa ni rahisi zaidi.

"Nikishanunua chujio nimemaliza."
Mkaa hujaa. Siku utakapojaa, maji yataendelea kutoka maangavu vilevile, na hakuna kitakachokuonya. Kwa hiyo kabla hujalipa, muulize muuzaji: kwa floridi ya chanzo changu, mkaa huu utasafisha lita ngapi, na nani atakuja kuupima na kuubadilisha? Asiyejua kujibu asichukue hela yako. Wakati ukisubiri, kinga maji ya mvua kwenye tangi safi. Floridi yake ni kidogo mno. Yatunze kwa uji na maji ya kunywa ya watoto wadogo, ya kufulia na kuogea yatoke bombani.