Jamani, Valerie hakuwekwa pale kwa hisani

Nauza santuri za zamani, na wiki hii peke yake wateja watatu wameniambia kitu kilekile, eti Hanna-Barbera, wale wa studio ya katuni, walikuwa na roho safi ndo maana 1970 wakaweka msichana Mweusi, Valerie, kwenye Josie and the Pussycats, katuni ya bendi ya wasichana watatu. Nimechoka kujibu mmojammoja.

Hawakutaka! Kwenye vitabu vya katuni vya Archie, hadithi ilikotoka, Valerie alikuwa Mweusi tangu 1969, ila Hanna-Barbera walipoichukua hadithi kuipeleka kwenye TV mpango wao ulikuwa bendi nzima iwe ya wazungu. Sasa kazi ya kutafuta wasichana watatu wa kuimba kwelikweli wakampa prodyuza Danny Janssen, naye akasikia sauti ya Patrice Holloway, basi, habari ikaishia hapo. Wakamwambia huyo mtoe, leta mwingine, jamaa akagoma katakata, wakavutana kama wiki tatu hivi mpaka wenye katuni wakanyoosha mikono na Valerie akarudishiwa rangi yake. Septemba 1970 ikaanza kuonyeshwa CBS, na Valerie akawa msichana Mweusi wa kwanza kuwa mhusika wa kudumu katuni za Jumamosi asubuhi. Yaani ilipatikana kwa ubishi wa mtu mmoja na koo la dada mmoja, roho safi wapi na wapi.

Halafu kuna yule aliyeniambia "lakini si Valerie alikuwa anapiga tari tu huko nyuma?" Kaka, nilimwekea ule wimbo wa kufungulia katuni kwenye spika nikamwambia geukia ukuta, usiangalie picha. Ukiangalia picha utadanganyika, Josie ndo yuko mbele na gitaa lake kwa hiyo unadhani ndo anaimba, kumbe anayeongoza ni Patrice mwanzo mwisho. Na huyo hakuokotwa mtaani. Yeye na dada yake Brenda, aliyekuwa lebo ya Motown, ni kati ya waandishi wa You've Made Me So Very Happy, wimbo uliowapaisha bendi ya Blood, Sweat & Tears 1969. Ushauri wangu siku zote ni huohuo, muziki wa katuni sikiliza umeipa TV mgongo.

Aliyeongea ndo aliyeimba? Hapana. Josie alisemewa na Janet Waldo, akaimbiwa na Cathy Dougher. Valerie naye aliposema ni Barbara Pariot, alipoimba ni Patrice.

Cherie Moor, aliyemwimbia Melody, yule msichana wa tatu wa bendi, wengi wanadhani alipotelea hukohuko. Ni Cheryl Ladd huyo, yule wa tamthilia ya TV ya Charlie's Angels, alibadilisha jina tu.

The Archies nao, bendi ya katuni ya Archie, eti ni bendi ya wanaume. Sugar, Sugar ya 1969 anaongoza Ron Dante, sawa, lakini ile sauti ya kike inayochomoza mle ndani ni Toni Wine, na ndo huyohuyo aliyewaimbia Betty na Veronica, wasichana wawili wanaogombania bwana mmoja wanatoka kooni mwa dada mmoja!

Na Jem, ile katuni nyingine ya bendi ya wasichana, haikuwa ya Jumamosi, ilianza 1985 kwenye vipindi vya Jumapili, na santuri yake sina, msiniulize.