Kuasili ndovu: maana yake nini, na pesa zake hufanya kazi gani?

Kuasili ndovu ni kutoa mchango, kwa kawaida wa kila mwaka, kwa ajili ya kulea ndama aliyebaki yatima. Kisheria hakuna zaidi ya hapo. Anayechanga hammiliki ndovu huyo wala hashirikishwi kuamua lini arudishwe porini. Wanyamapori wa Kenya ni mali ya taifa, wako chini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS), na wanaowalea yatima hufanya hivyo kwa kushirikiana na shirika hilo. Mfadhili hupata cheti, hupata habari za ndovu wake, na yapasa ajue mapema kwamba ndovu huyohuyo ana wafadhili wengine wengi kote duniani. Wapo wanaoudhika wakigundua hilo. Mimi naona ndiyo siri ya mpango wenyewe kufanikiwa, kwa sababu ndama mmoja ni mzigo ambao mfuko wa mtu mmoja wa kawaida hauwezi kuubeba.

Mpango unaojulikana zaidi ni wa Sheldrick Wildlife Trust, shirika lililoanzishwa mwaka 1977 na Daphne Sheldrick kumkumbuka mumewe David, mhifadhi wa kwanza wa mbuga ya Tsavo Mashariki. Kituo chake cha kulelea kimo ndani ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi, na mchango wa kuasili huanzia dola 50 kwa mwaka.

Ili kuelewa pesa hizo zinahitajika kwa nini, tazama chupa ya maziwa. Ndama mchanga hafai kupewa maziwa ya ng'ombe kwa sababu mafuta yake humdhuru tumboni. Daphne alihangaika miaka mingi na watoto wa ndovu wakimfia mikononi, hadi alipopata mchanganyiko wa maziwa ya unga ya watoto wachanga wenye mafuta ya nazi. Chupa hutolewa kila baada ya saa tatu, usiku na mchana. Hiyo ni mara nane kwa siku, yaani 2,920 kwa mwaka, kwa ndama mmoja tu, naye hutegemea maziwa kwa miaka kadhaa.

Tena maziwa peke yake hayatoshi. Ndovu mdogo aliyempoteza mama hufa kwa huzuni kama anavyokufa kwa njaa. Ndiyo maana mtunzaji hulala naye bandani, na ndiyo maana watunzaji hupokezana, leo huyu, kesho mwingine. Daphne aliwahi kumlea ndama aitwaye Aisha, akamzoea yeye peke yake. Aliposafiri kwenda kwenye harusi ya binti yake, Aisha akadhoofika, akafa. Tangu hapo ndama hulelewa na kundi la watunzaji, na kundi ni mishahara, sare, chakula na malazi, mwezi baada ya mwezi.

Hapo ndipo kuasili kunapotofautiana na misaada mingine. Wahisani wakubwa hupenda kutoa fedha zenye masharti: hizi ni za kununua gari, zile za kuchimba kisima, na zisiguswe kwa jambo jingine. Mkaguzi wa hesabu hufuatilia kila shilingi. Fedha hizo ni njema, lakini shirika laweza kuwa na gari jipya uani na likakosa pesa ya kulitia mafuta. Mchango mdogo unaojirudia huziba pengo hilo. Mhasibu anaweza kukaa mwanzoni mwa mwaka akakadiria, kwa wingi wa wafadhili waliohuisha michango yao, maziwa yatatosha au hayatatosha.

Ubora wake ulionekana mwaka 2020. Corona ilipozuia wageni, kituo cha Nairobi kikafungwa na viingilio vikakatika, lakini mtu aliyeko ng'ambo aliendelea kuchangia bila kulazimika kupanda ndege. Ukame ni mtihani wa aina nyingine. Ripoti ya serikali ilihesabu ndovu 205 waliokufa nchini Kenya kati ya Februari na Oktoba 2022. Kila jike anayekufa aweza kuacha ndama nyuma, na ndama hao hawasubiri bajeti ya mwaka ujao.

Basi ukitaka kuasili, kokote duniani, uliza jambo moja kabla ya kulipa: mchango wangu unafungwa kwa mnyama huyu, au unaingia kwenye mfuko wa malezi kwa jumla? Mimi ningependelea lile la pili. Ndama mwenye jina zuri na picha ya kuvutia hupata wafadhili wengi kuliko yule aliyeletwa jana akiwa na jeraha la kitanzi mguuni, ilhali wote wawili hunywa maziwa yaleyale. Isitoshe, wakifikisha takriban miaka mitatu huhamishiwa Tsavo, kwenye vituo kama Voi na Ithumba, au Umani kwenye msitu wa Kibwezi, ambako hujifunza polepole kuishi na ndovu wa porini. Safari hiyo huchukua miaka mingine mingi, na muda wote huo kuna walinzi wa doria na madaktari wa mifugo wa kulipwa, japo chupa zilishawekwa kando.