PEXT na sataranji: kasi iko wapi hasa?

Dhana: Ubao wa biti ulikuja na prosesa za biti 64.
Ubao wa biti ni namba ya biti 64, kila biti ikisimamia mraba mmoja wa sataranji. Miraba 64, biti 64: ndoa hii inapendeza mno kiasi cha watu kudhani ilipangwa. Lakini Kaissa ya Wasovieti, iliyotwaa ubingwa wa kwanza wa dunia wa programu za sataranji mjini Stockholm mwaka 1974, ilishautumia ubao huo.

Dhana: Prosesa ikiwa na PEXT, itumie tu.
Hapa ndipo wengi huungua. PEXT ni amri ya prosesa: huchambua biti unazozitaka kutoka kwenye namba na kuzipanga zikae pamoja. Chukua ngome iliyoko a1. Kete za kuizibia njia zinaweza kukaa kwenye miraba 12: sita kwenda juu, sita kwenda kulia. Miraba ya mwisho ya njia haihesabiwi, maana hakuna kitu nyuma yake cha kufichwa. Biti hizo 12 zikikusanywa zinazaa namba kati ya 0 na 4095, nawe unafungua jedwali lililoandaliwa mapema hapo hapo na kusoma mashambulizi yote ya ngome.

Kwenye prosesa za Haswell za Intel (2013), PEXT huchukua mizunguko mitatu ya saa ya prosesa. Prosesa za Zen na Zen 2 za AMD nazo zina PEXT, ila huifanya hatua kwa hatua kwa maelekezo ya ndani ya chipu, na biti zikiwa nyingi mizunguko hupanda vibaya. Zen 3 (2020) ndiyo iliyoponya. Kwa hiyo mwenye Zen 2 anayepakua Stockfish, programu ya sataranji, katika toleo la bmi2 (linalotumia PEXT) kwa kuwa jina linavutia, anajichelewesha mwenyewe. Toleo la avx2, lisilotumia PEXT, linamfaa zaidi.

Dhana: Bila PEXT ngome inatambaa.
La. Zidisha biti za kete zinazozibia njia kwa namba maalumu iliyotafutwa mapema, sogeza matokeo kulia, umepata ukurasa wa jedwali. Ukipima programu nzima tofauti ni ndogo. Tangu Stockfish 12 ilipoingiza mtandao wa neva mwaka 2020, jasho kubwa liko kwenye kutathmini nafasi, na huko AVX2, yaani amri za prosesa za kukokotoa namba nyingi kwa mpigo, ndizo zinazobeba mzigo.

Dhana: Kompaila itaweka POPCNT yenyewe.
POPCNT ni amri ya prosesa ya kuhesabu biti zenye 1. Usipoiruhusu kompaila kwa chaguo la -mpopcnt au -march=native, kwenye x86-64 ya kawaida itahesabu biti kwa njia ndefu. Ukiiruhusu, usimpe faili la programu iliyotoka mwenye mashine ya zamani isiyo na amri hiyo: programu itakufa mara tu ikikutana nayo.