Loji ya getini ni nini hasa

Ukisema loji huku kwetu mtu anawaza gesti, au zile hoteli za mbugani Serengeti na Masai Mara, na ukisema esteti mtu wa Nairobi anawaza mtaa wa nyumba. Sasa ukisoma habari za majengo ya Uingereza ukakuta loji ya esteti usichanganye, hiyo ni kanyumba kadogo kwenye geti la shamba kubwa la bwanyenye, anakaa bawabu na familia yake, kazi yake kufungua geti gari la farasi likija na kulifunga likishapita.

Utamu wenyewe uko hapa. Jumba la mwenye mali mara nyingi liko mbali huko ndani ya miti, ukiwa barabarani hulioni, kwa hiyo hako kanyumba ndo kanamtangaza. Karne ya 18 na mwanzoni mwa 19 fasheni ilikuwa klasiki, yaani kuiga Wagiriki na Warumi wa kale: nguzo mbili au nne mbele, juu yake ukuta wa pembetatu kama hekalu, mlango katikati kabisa, dirisha kulia, dirisha kushoto, vilingane. Na kulingana huko hawakufanyia mchezo, pale ambapo chumba hakikuhitaji dirisha waliweza kuweka dirisha bandia, fremu ya mawe ipo, kizingiti kipo, ila katikati ni ukuta mtupu. Pale kwenye esteti ya Syon, magharibi mwa London, msanifu majengo Robert Adam alichora geti la namna hii mwaka 1773, tao katikati na simba amesimama juu, nguzo pande zote mbili, alafu loji moja kila mwisho.

Shida ni kwamba uso ni wa hekalu lakini ndani vyumba viwili vitatu tu, na familia ya bawabu haikuwa ndogo. Baadaye watu wakataka jiko la maana, bafu, choo cha ndani, na baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia mashamba mengi yakauzwa vipandevipande, loji zikawa nyumba za watu wa kawaida. Mbele huwezi kugusa maana utaharibu ule ulinganifu, basi kila kitu kinasukumwa nyuma, kama tu sisi tunavyoongeza vyumba uani.

Ukitaka kuisoma nyumba hiyo simama ubavuni, sio mbele. Tafuta ufa wa wima ulionyooka kama umepigwa rula, pale ukuta mpya ulipokutana na wa zamani bila mawe kung'atana. Upande mmoja utaona mawe ya kuchonga yamekaa kwa chokaa, upande wa pili tofali na saruji. Paa nalo linasema, la zamani mara nyingi lina vigae vya mawe na limeinama pande zote nne, la nyongeza mara nyingi ni bapa.

Siku hizi nyingi zimeorodheshwa kama majengo ya kihistoria, na huko kubadilisha jengo la hivyo bila kibali ni kosa la jinai, na ulinzi unafika mpaka ndani. Mimi napenda nyongeza isiyojifanya ya kale, iwe chini kuliko paa la zamani, irudi nyuma kidogo ya kona, nguzo zisiigwe, ili mtu anayepita getini aone kwanza kale kahekalu kama alivyokakuta mgeni wa kwanza na farasi wake.